Kusoma Maandishi ya Tairi na Kuagiza Matairi kwa Njia ya Mtandao

Gari la chama cha msingi halibebi mzigo wa mtu mmoja. Linapotoka Iramba au Mkalama na vitunguu, au linaposhusha alizeti ghalani Singida mjini, limebeba jasho la wanachama wengi, na mara nyingine limewabeba wanachama wenyewe. Mali yote hiyo, pamoja na roho ya dereva na ya utingo wake, hushikiliwa barabarani na vipande vichache vya mpira vinavyogusa ardhi. Kwa sababu hiyo ununuzi wa matairi ni jambo la bodi nzima, wala si la kuachiwa dereva na muuzaji wamalizane wenyewe.

Mkoa wa Singida hauna huruma kwa tairi. Katika barabara kuu itokayo Dodoma kupitia Manyoni na Singida hadi Nzega, lami hupata joto kali mchana wa kiangazi, na mteremko wa Sekenke hudai breki na matairi yaliyo timamu. Nje ya lami, njia za kwenda vijijini zina changarawe, mawe makali na miiba ya migunga. Tairi lisilofaa haliwezi kujificha kwa muda mrefu katika mazingira hayo.

Zamani katibu hakuwa na mengi ya kuchagua. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1969 kwa ubia wa Serikali na kampuni ya Marekani, ndicho kilichotoa matairi ya nchi. Katika miaka ya uhaba, hasa mwanzoni mwa miaka ya 1980, taabu kubwa ilikuwa kulipata tairi lenyewe. Kiwanda hicho kilisimamisha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000, na tangu hapo nchi imetegemea matairi yatokayo ng'ambo. Leo taabu imegeuka sura. Matairi ni mengi, majina ni mengi, bei zinapishana sana, na muuzaji anaweza kuwa Dar es Salaam, Arusha au Mwanza, akionekana kwa picha tu katika simu ya mkononi. Katibu asiyejua kusoma ubavu wa tairi hununua kwa macho ya mtu mwingine.

Makala haya yanaeleza mambo mawili: kwanza, maana ya herufi na namba zilizochongwa katika tairi, pili, hatua za kufuatwa na chama kinapoagiza matairi kwa mtandao.

UKUBWA WA TAIRI

Maandishi makubwa yaliyo ubavuni ndiyo yanayotaja ukubwa. Uchukuliwe mfano wa tairi la gari dogo lililoandikwa 195/65 R 15 91 H.

Namba ya kwanza, 195, ni upana wa tairi kwa milimita, ukipimwa kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Namba ya pili, 65, si milimita. Ni kimo cha ubavu kikilinganishwa na upana, kwa asilimia. Kwa hiyo ubavu wa tairi hili una kimo cha asilimia 65 ya milimita 195, yaani karibu milimita 127. Kadiri namba hii inavyopungua, ndivyo ubavu unavyokuwa mfupi. Tairi la ubavu mfupi hupendeza machoni, lakini katika njia ya mawe na mashimo huiacha rimu bila kinga ya kutosha.

Herufi R huonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa. Katika tairi la aina hii, ambalo mafundi huliita radio, nyuzi hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na juu yake hupita mkanda wa nyaya za chuma. Ufundi huo ulisajiliwa na kampuni ya Michelin ya Ufaransa mwaka 1946, na sasa ndio uliotawala katika magari. Pale ambapo hakuna R ila kistari tu, kama katika 7.50-16, nyuzi zimepishana kwa mshazari. Aina hizo mbili hazina mwendo mmoja zinapokata kona au kupata joto, na hazifai kabisa kuchanganywa katika ekseli moja.

Namba 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ni ajabu kidogo kwamba tairi moja hupimwa kwa milimita na kwa inchi pamoja, lakini ndivyo desturi ilivyobaki duniani. Jambo la kushika ni kwamba tairi la inchi 15 haliingii katika rimu ya inchi 14 wala ya 16, na fundi anayedai kwamba ataliingiza kwa nguvu anatafuta ajali.

Malori madogo na magari ya kazi huwa na maandishi ya mtindo wa zamani zaidi. Katika 7.50 R 16, namba 7.50 ni upana kwa inchi, na 16 ni kipenyo cha rimu. Mabasi madogo mengi huvaa tairi la 195 R 15 C, ambamo herufi C ina maana ya tairi la kibiashara, lililoimarishwa kwa ajili ya mizigo. Trekta nalo lina namba zake. Tairi la nyuma la 18.4-30 lina upana wa inchi 18.4 na rimu ya inchi 30, na alama R-1 huonyesha kwamba ni tairi la kuvutia shambani, lenye meno makubwa yanayoshika udongo. Tairi hilo hufungwa kwa kufuata mshale wa mzunguko ulio ubavuni. Likifungwa kinyume, trekta hupoteza nguvu na mafuta huliwa bure.

UZITO NA MWENDO

Baada ya ukubwa hufuata namba na herufi ambazo wanunuzi wengi huziruka, ingawa ndizo zenye uhai wa watu. Katika mfano wa kwanza, 91 ni namba ya uzito, na H ni herufi ya mwendo.

Namba ya uzito si kilo. Ni namba ya orodha, na kila moja ina uzito wake ambao tairi moja linaweza kubeba likiwa limejazwa upepo ipasavyo. Baadhi ya namba ambazo chama kinaweza kukutana nazo ni hizi:

82: kilo 475
88: kilo 560
91: kilo 615
94: kilo 670
100: kilo 800
104: kilo 900
106: kilo 950
112: kilo 1,120
114: kilo 1,180
116: kilo 1,250
118: kilo 1,320
122: kilo 1,500

Herufi ya mwendo hutaja kasi ya juu ambayo tairi limejaribiwa kuistahimili likiwa na mzigo wake. L ni kilomita 120 kwa saa, N ni 140, Q ni 160, R ni 170, S ni 180, T ni 190, H ni 210 na V ni 240. Ifahamike kwamba herufi hii haimpi dereva ruhusa ya kukimbia. Sheria ya barabarani ndiyo inayotoa ruhusa, na kibao cha 50 kilicho kijijini hakijali tairi lina herufi gani. Herufi hii ni kipimo cha uwezo wa mpira kustahimili joto.

Tairi la lori huwa na namba mbili za uzito, kwa mfano 122/118 L. Namba ya kwanza ni uzito wa tairi likiwa peke yake, kama lilivyo mbele. Ya pili ni uzito wa kila tairi pale yanapofungwa pacha, kama yalivyo nyuma. Tairi pacha hupewa kilo chache zaidi kwa sababu mawili hayo hayagawani mzigo sawasawa wakati wote: moja likikanyaga jiwe, jingine hubaki hewani.

Hapa katibu anaweza kupiga hesabu. Chukuliwe lori dogo lenye matairi sita ya 7.50 R 16 yenye namba 122/118. Mawili ya mbele yana uwezo wa kilo 3,000 na manne ya nyuma kilo 5,280. Jumla ni kilo 8,280. Sasa chukuliwe matairi mengine sita ya ukubwa huohuo wa 7.50 R 16, lakini yenye namba 116/114. Ya mbele yana kilo 2,500 na ya nyuma kilo 4,720. Jumla ni kilo 7,220. Tofauti ni kilo 1,060, zaidi ya tani nzima, na bado matairi hayo kwa macho yanafanana, na muuzaji atasema kwa kweli kabisa kwamba yote ni "saba hamsini kumi na sita". Ndiyo sababu haitoshi kuagiza kwa kutaja ukubwa peke yake.

Onyo mbili zinahitajika juu ya hesabu hiyo. Kwanza, jumla hiyo ni pamoja na uzito wa gari lenyewe, mafuta yake na watu waliomo, wala si mzigo peke yake. Pili, matairi yenye uwezo mkubwa hayaongezi uwezo wa springi, ekseli wala breki. Kikomo cha gari ni kile alichokiandika mtengenezaji wa gari. Aidha, gari la mizigo hupimwa katika mizani za barabara kuu kwa Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019. Utingo aliyezoea kujaza gari kwa alizeti hadi juu akumbushwe kwamba vitunguu vya kimo hichohicho vina uzito mkubwa zaidi. Macho hupima ujazo, lakini tairi hupima kilo.

Zamani uimara wa tairi ulitajwa kwa idadi ya tabaka za nyuzi, na bado alama PR hutumika, kama 8PR au 14PR. Siku hizi idadi hiyo si hesabu ya tabaka halisi zilizomo. Ni kipimo cha nguvu tu, na namba kubwa huonyesha tairi lenye nguvu zaidi. Katika magari madogo, tairi lililoimarishwa huandikwa XL au Reinforced.

UMRI WA TAIRI

Mpira huzeeka hata usipotumika. Jua, joto na hewa huukausha, ukaanza kupasuka nyufa ndogondogo ubavuni. Tairi lililokaa dukani miaka minane linaweza kuwa na meno mapya kabisa na bado likawa zee.

Tarehe ya kutengenezwa imo katika mfululizo wa herufi na namba unaoanza na DOT. Tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe: mbili za kwanza ni wiki, na mbili za mwisho ni mwaka. Kwa mfano, 3522 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2022, yaani mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Tairi lenye tarakimu tatu tu lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na halistahili kuwa barabarani. Mara nyingi tarakimu hizo nne huchongwa upande mmoja wa tairi tu. Kama hazionekani upande wa nje, zitazamwe upande wa ndani.

Watengenezaji wengi hushauri kwamba tairi lililotumika miaka mitano lichunguzwe na fundi kila mwaka, na kwamba likitimiza miaka kumi tangu kutengenezwa liondolewe hata kama lina meno. Chama kinaponunua, yafaa kitake tairi lisilozidi miaka miwili. Tairi la akiba lisisahauliwe, kwa maana mara nyingi ndilo lililo zee kuliko yote.

ALAMA NYINGINE

Tubeless ni tairi lisilohitaji mpira wa ndani. Tube Type ni lile linalouhitaji. Rimu zake pia hutofautiana.

TWI, au pembetatu ndogo karibu na bega la tairi, huonyesha mahali penye vijiti vya mpira vilivyo chini ya mifereji. Vijiti hivyo vina kimo cha milimita 1.6. Meno, ambayo mafundi huyaita kashata, yakiisha hadi kulingana navyo, tairi limekwisha. Kusubiri liwe kipara ni kuhatarisha maisha, hasa mvua za masika zinapoanza, kwa sababu mifereji ndiyo inayoyatoa maji chini ya tairi.

M+S ni alama ya matope na theluji. Huonyesha meno yaliyo wazi zaidi, na yanaweza kufaa katika njia za vijijini.

Studless ni neno la kuangaliwa sana. Magari mengi yaliyotumika huja nchini kutoka Japani, na baadhi huja yakiwa na matairi ya majira ya baridi yenye neno hilo ubavuni. Mpira wake ni laini kwa makusudi, ili ushike barafu. Katika lami ya moto ya Manyoni huchakaa upesi na kuyumba. Matairi ya namna hiyo huuzwa pia kama mitumba kwa bei ya kuvutia, na wasiojua huyasifu kwa ulaini wake.

E ndani ya duara, ikifuatiwa na namba, ni alama ya kuthibitishwa kwa kanuni za kimataifa. Namba hutaja nchi iliyotoa uthibitisho, kama E1 kwa Ujerumani, E2 kwa Ufaransa na E4 kwa Uholanzi. Haitaji nchi lilikotengenezwa tairi.

Max Load na Max Press ni uzito na upepo wa juu kabisa. Upepo huo si ule wa kujazwa kila siku. Kiasi kinachofaa kimeandikwa na mtengenezaji wa gari, mara nyingi katika kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani hutumia kPa, na kila psi moja ni karibu kPa 6.9, hivyo kPa 220 ni kama psi 32. Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, kabla ya safari. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja kupita kiasi kila linapozunguka, na kujikunja huko huzaa joto. Joto hilo, likiongezwa juu ya mzigo mkubwa na lami ya mchana, ndilo hupasua matairi mengi ambayo wenye gari husingizia ubovu wa kiwanda.

KABLA YA KUAGIZA KWA MTANDAO

Kununua kwa mtandao si jambo baya. Chama kilicho Kiomboi au Itigi kinaweza kulinganisha bei za wauzaji watano bila kulipa nauli ya mtu kwenda Dar es Salaam. Hatari yake ni kwamba mnunuzi hulipa kabla hajaligusa tairi. Basi kila kinachoweza kuthibitishwa kwa maandishi kithibitishwe kabla ya fedha kutoka.

Kwanza, katibu na dereva wasome pamoja matairi yaliyo kwenye gari na kibandiko cha gari, kisha waandike kila kitu. Tairi lililopo peke yake lisitegemewe, kwa kuwa mwenye gari wa zamani huenda aliweka ukubwa usiofaa. Tairi la kipimo kingine hubadili hata usomaji wa mwendo: gari lililopaswa kuvaa 195/65 R 15 likivikwa 195/60 R 15, kipenyo hupungua kwa karibu asilimia 3, na mshale wa mwendo husoma zaidi ya kasi ya kweli.

Pili, oda iandikwe kikamilifu. Badala ya kuandika "matairi sita ya Canter", iandikwe: matairi sita mapya, 7.50 R 16, namba ya uzito isiyopungua 122/118, herufi ya mwendo L au zaidi, yaliyotengenezwa ndani ya miaka miwili iliyopita, pamoja na mipira ya ndani iwapo ni Tube Type. Oda ya namna hii humfunga muuzaji. Oda ya maneno mawili humwachia nafasi ya kuondoa mali iliyomlalia.

Tatu, zitakwe ankara za bei kutoka kwa wauzaji wasiopungua watatu, zikionyesha kama bei ni pamoja na kodi, usafiri na kufungiwa. Bei iliyo chini mno kuliko nyingine zote ni sababu ya kuuliza maswali zaidi.

Nne, muuzaji aombwe picha za matairi yenyewe atakayoyatuma, si picha za tangazo. Picha ionyeshe ukubwa, namba ya uzito na tarakimu za DOT. Muuzaji wa kweli hupiga picha hiyo kwa dakika moja. Mwenye visingizio vingi aachwe.

Tano, muuzaji achunguzwe. Jina la kampuni au la biashara linaweza kutafutwa katika mfumo wa usajili wa BRELA. Namba ya mlipa kodi iwepo, na anwani ya duka iwe ya kweli. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia hiyo ajitambulishe kwa mnunuzi. Ikiwa jirani au chama rafiki kina mtu katika mji huo, apite dukani akaone.

KULIPA

Fedha ya chama ilipwe kutoka akaunti ya chama kwenda akaunti yenye jina la kampuni, baada ya uamuzi wa bodi ulioandikwa katika muhtasari. Isipitie katika simu ya katibu, hata kama ni mwaminifu wa kutajwa kijiji kizima. Fedha iliyopita katika simu ya mtu binafsi humtia mwaminifu katika mashaka siku ya ukaguzi, na humpa nafasi asiye mwaminifu.

Kama malipo ni kwa namba ya biashara ya simu, jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri lilinganishwe na jina lililo katika ankara. Jina likiwa la mtu mwingine, malipo yasitishwe. Ujumbe unaosema "ile namba ina tatizo, tumia hii" ni dalili ya utapeli, na namba ya namna hiyo inaweza kuripotiwa kwa kutumwa kwenda 15040. Inapowezekana, mapatano yawe ya kulipa sehemu tu mwanzoni, na salio baada ya matairi kufika na kukaguliwa.

Risiti ya mashine ya kielektroniki idaiwe daima. Ukweli wake unaweza kuhakikiwa katika tovuti ya Mamlaka ya Mapato Tanzania. Bila risiti hiyo, chama hakina ushahidi mbele ya mkaguzi wala mbele ya muuzaji.

Kuagiza moja kwa moja kutoka ng'ambo hakushauriwi kwa chama cha msingi. Ushuru, kodi, gharama za bandari na ukaguzi wa viwango humeza unafuu wote wa matairi sita. Vyama kadhaa vikihitaji matairi ya aina moja, jambo lenye manufaa ni kuunganisha oda zao kupitia chama kikuu na kudai bei ya jumla. Hiyo ndiyo kazi ya ushirika tangu asili yake.

KUPOKEA NA KUTUNZA KUMBUKUMBU

Matairi yakifika stendi au ghalani, wapokeaji wawe wawili au zaidi, na ukaguzi ufanyike kabla ya kutia saini. Kila tairi lisomwe: ukubwa, namba ya uzito, herufi ya mwendo, tarakimu za DOT. Lichunguzwe kama lina nyufa, uvimbe, kiraka cha ndani, au meno yaliyochongwa upya. Tairi lililovikwa mpira mpya kwa kawaida huwa na neno Retread. Si haramu kulinunua, lakini ni kosa kuuziwa kwa jina la tairi jipya. Likionekana lisilolingana na oda, lipigwe picha palepale na lirudishwe kwa barua. Bidhaa zinazoshukiwa kuwa bandia zipelekewe taarifa Tume ya Ushindani, na zile zisizo na viwango zipelekewe taarifa Shirika la Viwango Tanzania.

Matairi yasiyofungwa mara moja yahifadhiwe mahali pakavu penye kivuli, mbali na mafuta, petroli na dawa za mashambani.

Mwisho, kila tairi liwe na mstari wake katika daftari la gari: tarehe ya kununuliwa, bei, tarakimu za DOT, kilomita za gari siku lilipofungwa na siku lilipoondolewa. Kwa daftari hilo chama kitajua tairi gani ni rahisi kwa kweli. Tuseme tairi moja lilinunuliwa kwa shilingi 300,000 likaenda kilomita 30,000, na jingine kwa shilingi 420,000 likaenda kilomita 60,000. La kwanza limegharimu shilingi 10 kwa kila kilomita, la pili shilingi 7. Lililoonekana ghali dukani ndilo lililokuwa rahisi barabarani. Hesabu hiyo haiwezi kufanywa kwa kumbukumbu ya kichwa, wala katibu mpya hawezi kuirithi pasipo maandishi. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Bodi zinashauriwa kuyasoma maelezo haya pamoja na madereva wao, na katika kikao kijacho kutenga saa moja ili wajumbe watoke nje, wazunguke gari la chama, na kusoma wenyewe ubavu wa kila tairi, pamoja na lile la akiba. Kamati ya usimamizi iandike yaliyoonekana. Huenda chama kikagundua kwamba kina matairi mazuri ambayo yalidhaniwa kuwa mabaya. Huenda kikagundua kinyume chake, na ni heri kugundua jambo hilo uwanjani mbele ya ofisi kuliko katika mteremko wa Sekenke, gari likiwa limejaa mali na watu.